Veluru Ambayo Baba Lubunga Hakuikata

Msicheke. Veluru, yaani mahameli, haipimwi kwa macho, inapimwa kwa shavu. Unainama hivi, unapitisha shavu juu ya kitambaa polepole, kwanza kwenda, kisha kurudi. Njia moja itateleza kama mgongo wa paka anayekupenda. Njia nyingine itakukataa. Ile inayoteleza ndiyo inayoshuka chini, na foteye nzima, kile kiti kikubwa cha ukumbini, mgongo wake, kikalio chake, mikono yake, lazima ishuke hivyo hivyo. Ukigeuza kipande kimoja tu, kitang'aa peke yake kama mtu aliyevaa shati la kuazima, na hapo hakuna pasi itakayokusaidia.

Pasi! Siku yangu ya kwanza kushika veluru niliona imekunjamana kidogo, nikaenda kuwasha makaa, nikaipiga pasi vizuri kama shati la Idi. Nilipoinua pasi, alama yake ilibaki pale, na ncha yake, na kila kitu. Baba Lubunga, fundi aliyenifundisha kazi, akaja akasimama nyuma yangu. Nilingoja kofi. Akasema, "Binti Ramazani, umeipiga muhuri. Sasa tuipeleke posta?" Akachukua kile kipande, akakishika juu ya mvuke wa birika la chai, upande wa mgongo wake, huku akisugua manyoya kwa brosi laini. Manyoya yakaanza kusimama, moja moja, kama watu wanaoamka. Si yote. Lakini tangu siku ile nikajua kwamba veluru inaamshwa kwa mvuke, na ninyi sasa mnajua, na hamkulipa kwa kipande kilichoharibika kama nilivyolipa mimi.

Naitwa Zaina binti Ramazani, wa hapa hapa Kasongo. Shule nilisoma miaka miwili tu. Wakati ule shule zilikuwa za misheni, na baba yangu aliona wanaanza kuniita jina la ubatizo kabla hata sijajua kuandika lile alilonipa yeye, akanitoa. Herufi nilizo nazo nimeziokota huku na huku, kwa hiyo mkikuta kosa, rekebisheni mnyamaze. Sindano nilifundishwa na bibi yangu aliyekuwa akidarizi kofia. Na kofia ndiyo iliyonipa kazi. Bwana Tulio, mwenye atelie, yaani karakana ya samani, aliona moja juu ya kichwa cha mpasua mbao wake, akaipindua, akatafuta mwisho wa uzi, hakuuona. Akauliza nani ameshona. Akaja mpaka uwanjani kwetu, baba akamtolea kiti, na mwezi ule ule nikaingia kazini, mwanamke peke yangu katikati ya maseremala.

Leo mnavika viti kwa musi, ile sponji inayokatwa kama mkate, na pini za agrafi zinazopigwa pa pa pa, kazi ya asubuhi moja. Sisi tulijaza sufi, ile pamba ya mti. Tuliichambua kwa vidole mpaka mbegu zote zitoke, maana mbegu moja tu itamchoma mkalia kiti, naye atalalamika kwa miaka. Vumbi lake liko kifuani mwangu mpaka sasa. Mkinisikia nakohoa msiniambie nipime mapafu. Nayajua yalivyo.

Misumari tuliiweka mdomoni. Ulimi unaugeuza msumari, unauleta kichwa mbele, unaupokea kwa nyundo yenye sumaku, unapiga. Baba Lubunga aliweza kubeba misumari thelathini mdomoni na bado akanong'ona wimbo wa kanisa. Kapita wetu, yaani msimamizi, Sumaili, alikuwa na tabia ya kumletea kichekesho wakati ule ule. Atasema, "Baba, umesikia? Mke wa katekista amemfungia mumewe ndani ya banda la kuku." Baba anavimba mashavu, machozi yanamtoka, hawezi kucheka, hawezi kutema. Sote tunaanguka chini kwa kicheko. Sumaili alikuwa mcheshi. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Angalikuwa mtu mbaya tangu mwanzo, ningalimsahau.

Nitataja majina. Wengine wameniambia niyaache, mambo ni ya zamani, ya Wabelgiji, wenyewe wamekwenda. Mimi sikwenda. Niko hapa, na sikio langu la kushoto halisikii, kwa hiyo nataja.

Bwana Tulio kwanza. Alikuwa Mwitalia, na Wabelgiji walimkumbusha hilo kila mara walipomkaribisha mezani. Kwao, ukoo wake ulikuwa na nyumba ya kufuma vitambaa vya kuvika viti na kuta. Ndiyo, kuta: wenye mali wa kule wanavalisha hata kuta. Walifuma hivyo tangu babu wa babu yake, kwa makanisa na kwa wafalme. Mvua ikinyesha na mashine ya kupasua mbao ikisimama, alikuwa akituita, anafungua kitabu chake kikubwa kama cha misa, kinachonuka kafuri. Ndani yake hakuna maneno, ni vipande vya vitambaa tu, kila kimoja ukubwa wa kiganja, na kila kimoja kina jina. Komamanga. Mbigili. Mkia wa Tausi. Alikuwa akiyasema majina yale kama mtu anayeita watoto wa ndugu yake waje kula.

Alituambia juu ya mitambo ya mbao mirefu kuliko mlango wa kanisa, na kadi zenye matundu zinazouambia kila uzi upande au ushuke. Alituambia kwamba mwanamke aliyezoea kazi anafuma veluru shibiri moja kwa siku. Siku nzima, shibiri moja. Uzi unapitishwa juu ya kijiti cha shaba chembamba, unafanya vitanzi, kisha mfumaji anapitisha kisu kidogo juu ya kijiti, vitanzi vinafunguka, vinakuwa manyoya. Akikata vibaya mara moja, kazi ya mwezi imekufa.

"Kwa hiyo anayefuma ndiye anayekata?" aliuliza Baba Lubunga.

"Yeye mwenyewe. Hampi mtu mwingine kisu."

"Iko sawa," alisema Baba, kama mtu aliyesikia habari za jirani zake.

Baba Lubunga alikuwa Mubangubangu wa Wamaza. Kabla ya kuja Kasongo alifuma viramba, zile nguo za ukindu, kama baba yake. Amerikani, kitambaa cha dukani, ilipoviua viramba, akaja mjini kutafuta kodi ya muzungu, akajifunza kuvika viti, akamzidi aliyemfundisha. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vipana, na alizungumza na kitambaa. Atakipiga-piga kidogo, "Tulia, mama, tulia, tunakushona tu." Mimi nilidhani ni wazimu kidogo. Baadaye nilijikuta nafanya hivyo mwenyewe, na wanangu wakadhani ni wazimu kidogo.

Mwaka ule Teritwari, yaani mkubwa wa serikali hapa Kasongo, aliagiza foteye nane na viti viwili vidogo vya pembeni kwa ukumbi wake, maana wageni wakubwa walikuwa wanakuja. Bwana Tulio akaandikia ndugu zake kule Italia. Kitambaa kikafika katika sanduku la bati: vipande vinane virefu vya veluru nyekundu yenye komamanga, kila kimoja kimefumwa peke yake, na nyuzi zikiwa zimeachwa ndefu kwenye miisho. Sikuwahi kuona kitu kama kile.

"Kila foteye kipande kimoja," alisema Bwana Tulio. "Masalio ya vyote vinane yatavika viti viwili vidogo. Msipoteze hata kidole."

Baba alikuwa tayari ameinama, shavu juu ya veluru. Kisha akaona kitu ukingoni. Uzi mmoja wa manjano, tangu mwanzo wa kipande mpaka mwisho.

"Bwana, huu uzi iko wa nini?"

"Ah, huo! Kila mfumaji wetu ana uzi wake wa ukingoni, ili kazi yake ijulikane. Manjano ni Nunziata. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mutoto."

"Iko muzima?"

"Muzima kabisa, na bado anafuma. Meno hana, lakini ulimi anao!"

Baba akasimama wima. "Basi, Bwana, umuandikie. Tunataka kukata nguo yake."

Bwana Tulio alicheka mpaka akashika meza. "Nitamwandikia, Lubunga! Nitamwandikia kesho! Nunziata mpendwa, Lubunga wa Kasongo anaomba ruhusa!"

Tulikuwa watatu pale: mimi, Sumaili na Baba. Mimi na Sumaili tulisikia kicheko. Baba alisikia ahadi.

Lazima mwelewe jambo hili, bila hilo hamtaelewa lolote. Kwao Wamaza, nguo iliyofumwa na mtu aliye hai haitiwi kisu bila yeye kujua. Akiwa karibu, anaitwa, anakata mwenyewe. Akiwa mbali, anatumiwa mtu, anatoa neno, nguo inakatwa. Mpaka neno lifike, nguo inakunjwa, inavaliwa ikiwa imekunjwa. Ni heshima tu, kama vile huwezi kumnyoa mutu aliyelala. Amerikani ya dukani Baba aliikata bila shida, maana alisema, "Hii haina mwenyewe, mashine haiulizwi." Lakini hii ilikuwa na mwenyewe, na muzungu mwenyewe ndiye aliyesema jina lake.

Siku mbili baadaye Bwana Tulio akaondoka na kamioni kwenda Salamabila, kupeleka vitanda vya wakubwa wa mgodi wa dhahabu. Njia ya Kabambare mnaijua hata leo. Majuma mawili. Huku nyuma Teritwari akatuma watu kila siku: viti viko wapi?

Baba akaniita. "Binti Ramazani, barua haijarudi, na viti vinatakiwa. Tutakunja."

Tukakunja. Kile ambacho wengine wangekikata na kukitupa kando, Baba alikilaza nyuma ya mgongo wa foteye na chini ya kikalio, kati ya sufi na kitambaa cha ndani, kimekunjwa bapa kama nguo za bibi arusi sandukuni. Hakuna kidole kilichopotea. Kisha akaniambia nifunge kwa nyuma, lakini si kwa mshono wangu wa kofia. "Funga kwa mushono wa gunia la unga. Jibu likifika, uvute uzi mumoja tu, kifunguke chote. Tutakata, tutamaliza vile viti viwili."

"Na jibu likichelewa, Baba?"

"Veluru haiozi kwa kungoja, binti yangu."

Foteye zile zilinenepa kidogo. Ya tano ilikuwa na mguu uliokuwa ukicheza, Baba akautia gundi, hakuridhika nao. Sumaili akaja kuzipakia kwenye mkokoteni, akainua moja, akaguna.

"Baba! Hivi viti vimeshiba. Viko na mimba?"

"Viko na mimba," alisema Baba. "Usiviangushe."

Sumaili akacheka, akainama akatazama vidole vyangu vikifunga ya mwisho, akaona kitambaa kikiingia ndani. Aliona. Kwa Mungu aliona, uso wake ulikuwa karibu na wangu hata nikasikia harufu ya tumbaku.

Kule ukumbini Teritwari akahesabu. Foteye nane, nzuri sana. Viti viwili, mbao tupu. Akamuuliza Sumaili, maana yeye ndiye aliyeleta: kitambaa cha viti hivi kiko wapi? Na Sumaili, mcheshi wetu, akaogopa. Mimi nimelifikiri sana jambo hili, na sidhani alikuwa amepanga. Alikuwa amesimama mbele ya muzungu mwenye hasira, na alitaka hasira ile iende mahali pengine. Angeweza kusema, "Kiko ndani." Lakini angeulizwa kwa nini alileta kazi isiyokwisha bila kusema. Akasema, "Lubunga ndiye anashika vitambaa." Nusu ya ukweli. Hiyo nusu ilitosha.

Polisi wawili walikuja mchana, tunakula. Yaani sisi tunakula, Baba alikuwa bado anamalizia kiti cha padri, misumari mdomoni. Wakamwambia anyooshe mikono. Akainua kidole kimoja, wangoje kidogo. Akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja, akaipangusa kwa shati, akairudisha ndani ya kopo. Kisha akanyoosha mikono.

Walimtia buloko, yaani gerezani, na amri ya Teritwari ilikuwa hii: kila asubuhi fimbo nne, mpaka aseme kitambaa kiko wapi. Na Baba alisema siku ya kwanza, kabla ya fimbo ya kwanza. Alisema, "Iko ndani ya viti." Koplo Mulenda, naye namtaja, alidhani anamchezea. Nani anaficha kitambaa cha viti ndani ya viti? Akamwongezea.

Sasa ngojeni, maana kuna jina moja nimebakiza katika orodha ya wakosaji, nalo ni langu. Fimbo za asubuhi ya kwanza mimi nilikuwa nimekaa nyumbani. Fimbo za asubuhi ya pili pia. Nilijua kilipo kitambaa, nilijua uzi gani wa kuvuta, na nilikaa.

Si kwamba sikujaribu. Nilimfuata Sumaili chini ya kibanda cha mbao.

"Kaka Sumaili, uliona kwa macho yako. Twende tuseme, sisi wawili."

"Niliona nini?" Hakunitazama. "Zaina, weye iko mwanamuke, una mama nyumbani. Ukifungua mudomo, watasema ulishona pamoja naye. Utaingia buloko weye pia."

"Anapigwa, kaka."

"Ni fimbo nne. Watu wamekula fimbo nne wakaenda kulima."

"Na kesho? Na kesho kutwa?"

Akachukua kipande cha mbao, akaanza kukipima, kisichohitaji kupimwa. "Mungu atajua."

Jioni ya siku ya pili Bwana Tulio akarudi, na matope ya Kabambare mpaka magotini. Nilimngoja mlangoni. Nikamweleza yote, na barua, na mkunjo, na mshono wa gunia. Alikaa juu ya ngazi. Akafunika macho.

"Barua," alisema. "Ah, Lubunga, Lubunga. Ilikuwa mzaha."

"Ndiyo, Bwana. Sasa tuende tufungue kiti kimoja tu."

"Viti vya Teritwari haviguswi. Wageni wanafika kesho kutwa. Nikienda kumwambia kwamba kazi ya atelie yangu ni… ni mambo ya kukunja…" Akabandua matope gotini. "Wageni wakiondoka, nitasema naye. Nakuahidi."

Nilihesabu kwa vidole, kesho, kesho kutwa, na mpaka wageni waondoke. Mgongo wa mtu mfupi wa umri ule. Bwana Tulio hakuwa mtu mbaya, aliwahi kulia mbele yetu kwa sababu panya walikula Mkia wa Tausi. Alikipenda kitambaa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Na hapo ndipo upendo wake ulipoishia, kwenye ukingo wa kitambaa.

Asubuhi ya tatu nilijifunga vizuri, nikachukua brosi ya veluru na sindano yangu iliyopinda, nikaenda. Sikwenda kwa siri, saa mbili asubuhi, jua kali. Mlinzi akauliza naenda wapi. Nikasema nimetumwa kuamsha manyoya ya veluru kabla ya wageni. Ni neno la kweli la kazi, na neno la kweli la kazi linapita milango mingi, lishikeni hilo. Akanifungulia.

Nilifikiri ukumbi utakuwa mtupu. Teritwari alikuwa mle, na Bwana Tulio pembeni yake, kofia mkononi, na Koplo Mulenda mlangoni pa ndani. Walikuwa wanavitazama vile viti viwili vya mbao. Nilitaka kurudi. Miguu ilikuwa imekwisha kugeuka. Lakini dirisha lile linatazama upande wa buloko, na ilikuwa karibu saa ya fimbo za Baba.

Nikapiga magoti nyuma ya foteye iliyokuwa karibu. Sikuchagua. Nikatafuta mwanzo wa mshono kwa kucha, nikaupata, nikakata fundo.

"We! Unafanya nini?" Koplo Mulenda alifika kabla sijavuta. Kofi lake liliingia sikio la kushoto, nikasikia kengele, kisha upande ule sikusikia kitu tena, na mpaka leo sijasikia. Lakini uzi ulikuwa umezungushwa kidoleni mwangu. Nilipoanguka, nilianguka nao. Mshono wote ukafunguka, trrr, kama gunia la unga, na veluru ikaanza kushuka sakafuni, mkunjo baada ya mkunjo, nyekundu, bila jeraha hata moja.

Teritwari aliinua kikalio kwa ncha ya kiatu, akaona mkunjo mwingine. Akaenda kwenye foteye ya pili, akaminya mgongo wake kwa kiganja. Ya tatu. Zote zilikuwa zimeshiba.

Bwana Tulio akapiga magoti kando yangu. Alichukua ukingo, akaupitisha kati ya vidole mpaka akakuta uzi wa manjano. Akaushika hivyo muda mrefu. Kisha akaanza kusema Kifaransa, haraka, bila kuinuka, na ingawa mimi Kifaransa sikijui, nilisikia jina la Lubunga mara nyingi, na jina la Nunziata, na nilimwona Teritwari anageuza uso kama mtu aliyekuta chakula kimechacha. Akaandika karatasi ya kumwachilia Baba. Akampa koplo. Mimi nikakimbia mbele ya koplo, damu sikioni, maana nilijua mwendo wake.

Nitasema ukweli: kati ya fimbo za asubuhi ile walikuwa wamekwisha kumpiga mbili.

Baba Lubunga alitoka mlangoni akishika ukuta. Shati alilibeba mkononi, hakuweza kulivaa. Akaniona, akaona damu, akanigusa kidevu ili anigeuze, atazame.

"Nani?"

"Mulenda. Haina kitu, Baba."

"Ina kitu." Akapumua kidogo kidogo, kama anayebeba maji. "Jibu limefika?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiri kumdanganya. "Hakuandika, Baba. Alikuwa anacheka tu."

Sumaili alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, kofia yake ameikunja mikononi, hakuvuka. Baba alimwona. Hakusema lolote juu yake, siku ile wala siku nyingine, na mimi ndiye ninayesema.

"Kwa hiyo yule mama hajui kitu," alisema mwishoni. "Iko kule anafuma tu." Kisha: "Ulifungua kiti gani?"

"Sikuangalia. Cha karibu na dirisha. Nadhani cha tano."

"Kile chenye muguu unaocheza?"

"Ndicho."

"Umekifunga?"

"Sikukifunga, Baba." Na hapo hasira ilinipanda yote, ya siku tatu, nikaanza kulia na kupiga kelele katikati ya njia. "Kibaki wazi! Kibaki hivyo hivyo, matumbo nje, wageni wao wakione! Baada ya vile walivyokutenda, sitakishona mimi!"

Aliningoja nimalize. Kisha akanishika bega, si kwa kunituliza tu, alihitaji mahali pa kujishikia.

"Binti Ramazani," alisema, "kiti hakikunipiga."

Tukaenda. Tulitembea polepole sana, watu wakitupisha. Kule ukumbini hakuweza kupiga magoti, kwa hiyo alisimama nyuma yangu na kunielekeza: kunja hapa, laza pale, usivute, tulia mama, tulia. Aliniambia nifunge kwa mshono wa kofia, ule usioonekana, maana hakukuwa na jibu la kungoja tena. Kisha tukakiinamisha pamoja, upande wake na upande wangu, tukaanza kuukaza ule mguu uliokuwa ukicheza.